Miaka Miwili Nikipita Nje ya City Park

Acha nianze na aibu. Nilikaa Ngara karibu miaka miwili nilipokuwa chuo, na City Park nilikuwa naiona kwa dirisha la matatu tu. Unashika barabara ya Limuru, unaona ukuta wa majani, unaona soko, halafu ushapita. Nilijua vitu vitatu kuihusu: kuna kima, kuna wezi, na kuna wapenzi wasio na pesa ya kahawa. Hakuna aliyeniambia kitu cha nne, na mimi sikuuliza.

Chuo niliacha, hiyo stori mnaijua, leo siirudii. Nikarudi nyumbani Bisil nikaanza kutengeneza video. Kwa wale hamjafika, Bisil ni barabara kubwa ya kwenda Namanga, soko la mifugo, vumbi, na anga pana mpaka unajiona mdogo. Mimi naipenda. Lakini baada ya miezi kadhaa ya mbuzi, komenti zikaanza: "Sista, leo tena mbuzi?" Mwingine akaandika, "Huyo mbuzi wa kahawia nishamjua, tupe mpya." Nikaona sawa, wacha niwatafutie kijani. Mpango ulikuwa mdogo sana: niende Nairobi, nipate bustani yenye miti mizuri, nirekodi video tatu nikiwa na shuka nyekundu, jioni nirudi. Nilikuwa natafuta pazia la nyuma ya picha. Hakuna kingine.

Mbona City Park na si Uhuru Park? Uhuru Park kila mtu ashapiga picha, mpaka boti za pale zimechoka na sura zetu. Naiheshimu, msinielewe vibaya. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama peke yake, karibu, kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe pale, na ndiyo maana leo tunakaa kwenye nyasi tukila karanga. Na hapo jirani, Central Park, kuna ule mnara wa Nyayo wa 1988, mkono umeshika rungu ukitokea juu ya Mlima Kenya. Ukisimama chini yake unahisi umeitwa ofisi ya hedimasta. Mimi nilitaka mahali pasiponiangalia hivyo.

Basi nikatoka Bisil alfajiri, Kajiado, Isinya, halafu Kitengela ambapo asubuhi nzima huwa inaenda kufia kwenye foleni. Saa sita mchana ndiyo nikaingia langoni, na hakuna aliyeniitisha shilingi. Nikatafuta jiwe, nikaweka simu kwenye kistendi, nikatoa mandazi niliyobeba kutoka nyumbani nile kidogo kabla ya kurekodi.

Kima alikuja kwa adabu zote. Mkubwa, kifua cheupe, akakaa kama mita mbili kutoka kwangu kama mtu anayengoja foleni ya benki. Nikasema acha nimrekodi. Nilipoinama kwenye simu, mfuko wa mandazi ukaondoka, wote, hata kamba. Akapanda mtini akala moja moja akinitazama. Hiyo video nilipost na imetazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kufanya, kwa hivyo nadhani tunadaiana na yule kima. Lakini msiwalishe tafadhali. Wamezoea vyakula vya watu mpaka wanapora watoto.

Njaa ndiyo iliyonipeleka ndani. Nilifikiri ningepata mtu wa karanga, nikafuata kinjia, na miti ikafunga juu. Sijui niwaelezeje watu wa Kajiado. Sisi mti kwetu uko peke yake, unauona kutoka mbali, unajua jina lake na unajua nani hukaa chini yake mchana. Hapa miti imeshikana mabega. Huu si msitu wa kupandwa na baraza la jiji. Sehemu kubwa ni mabaki ya ule msitu wa asili uliokuwa hapa kabla Nairobi haijawa Nairobi, mihugu na wenzake. Kelele za matatu zinabaki kwa mbali kama redio ya jirani. Na katikati ya hiyo miti nikaona jani ninalolijua. Juu kijani cha giza, chini rangi kama limepakwa unga. Oloirien! Mzeituni wa mwitu. Huu ndio mti ambao koko, nyanya yangu, anachoma vijiti vyake na kusugua ndani ya kibuyu ili maziwa yapate ule utamu wa moshi. Kwetu siku hizi unatembea mpaka miguu iume ndiyo uupate, maana umeishia kwa makaa. Na hapa uko Parklands, kilomita chache kutoka mahali nilikuwa nikilala, miaka miwili yote niliyokuwa nikilia kwamba mji huu hauna chochote changu.

Nikaokota jani moja lililoanguka, nikaliweka ndani ya kava la simu.

Mama mmoja aliyekuwa akifagia majani akaniona na shuka yangu, akaniuliza, "Unatafuta Murumbi?" Nikadhani ni jina la askari wa lango. Nikasema hapana mama, sina shida na mtu. Akacheka, akanyoosha ufagio: "Pita huko, mwanangu. Mmasai mwenzako."

Sasa mimi sanaa nilijua ni kitu cha Westlands. Watu wameshika glasi ya divai, wanatikisa kichwa mbele ya ukuta, na mlangoni kuna mtu anaangalia viatu vyako. Pale bustanini sanamu zimesimama nje tu, kwenye mvua na jua, na majani yanaziangukia. Kazi za wakubwa: kuna Elkana Ong'esa, yule mchongaji wa mawe kutoka Tabaka, Kisii, na Francis Nnaggenda wa Uganda aliyefundisha wengi Makerere. Majina haya niliyajua baadaye. Siku hiyo sikuwa najua chochote. Nilizunguka sanamu moja mara nne, nikaigusa (sijui kama inaruhusiwa, samahani), nikakaa chini. Hakuna aliyeniuliza ninaelewa nini. Nilisahau kurekodi, na mimi sijawahi kusahau kurekodi, hata matanga nimewahi kuambiwa niweke simu chini.

Na hapo katikati kuna kaburi la Joseph Murumbi na mkewe Sheila.

Nilisoma historia mpaka kidato cha nne na nikapata B. Murumbi nilimjua kama jibu la swali la alama moja: makamu wa rais wa pili wa Kenya, 1966. Hakuna aliyetuambia kwamba mama yake alikuwa Mmasai. Baba alikuwa Mgoa mfanyabiashara, na mtoto alizaliwa 1911, akabatizwa kwa majina ya kina baba, akapelekwa India kusoma akiwa mdogo kabisa. Alirudi kijana. Hapo ndipo angeweza kubaki upande wa baba, ambao katika Kenya ya mkoloni ulikuwa na viti bora kidogo. Akachukua jina la upande wa mama. Murumbi. Mimi nilikaa Ngara nikiwaambia watu natoka "upande wa Kitengela" kwa sababu Bisil ilikuwa ikiwachekesha, kwa hivyo mnaelewa kwa nini hapo niliinua macho nikaangalia miti kwanza.

Alipigania uhuru, akaishi uhamishoni Uingereza karibu miaka kumi, akarudi akawa waziri wa mambo ya nje, halafu makamu wa rais kwa miezi michache tu akajiuzulu. Nani hujiuzulu Kenya? Rafiki yake mkubwa, Pio Gama Pinto, alikuwa amepigwa risasi tarehe 24 Februari 1965 nje ya nyumba yake hapa Nairobi, mchana kweupe, mtoto wake mdogo akiwa ndani ya gari. Pinto amezikwa kwenye makaburi yaliyo hapo City Park. Murumbi alitaka alale karibu na rafiki yake, na alipofariki 1990 ndivyo ilivyofanywa, hapo nje tu ya makaburi. Yaani mtu aliyewahi kuwa namba mbili wa nchi alichagua kulala nje, chini ya miti, karibu na beste yake. Hilo peke yake lilinimaliza.

Baada ya siasa alifanya kitu ambacho watu wa umri wetu wangekiita kontenti: alikusanya. Vitabu, stempu, vinyago, vitambaa, shanga, vya Afrika nzima. Mwaka 1972 yeye na Mmarekani Alan Donovan wakafungua African Heritage hapa Nairobi, jumba la sanaa la bara zima, wakati ambapo wasomi wetu wengi walikuwa bado wanaona kinyago ni kitu cha mtalii. Sehemu kubwa ya mkusanyiko wake iko Kenya National Archives, pamoja na vitabu vya nadra zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900. Na sasa niambieni, ni nani kati yenu hajawahi kuambiwa "tupatane Archives"? Tumengojana pale, tumeachwa pale, tumeibiwa simu pale. Ni nani ameingia ndani? Mimi niliingia kesho yake, kwa pesa iliyo chini ya chipsi kuku. Kwenye ukumbi wa chini niliona shanga za kwetu zikiwa kwenye kabati la kioo, na kijana wa rika langu alikuwa amesimama akizichora na penseli, polepole, kama hana haraka ya kwenda popote.

Kuna upande mchungu pia. Nyumba yake ya Muthaiga aliiuzia serikali, mpango ukiwa igeuzwe kituo cha masomo ya Afrika. Haikugeuzwa. Ilibomolewa. Donovan alikuwa akisimulia kwamba Murumbi alienda kuiona akakuta hata miti yake imekatwa. Na City Park yenyewe nusura iende hivyo hivyo: vipande vilimegwa, watu wakapata hati za viwanja ndani ya bustani ya umma, mpaka wakaazi wakaanza kupiga kelele na kuhesabu miti na kuja na karatasi. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kuwa turathi inayolindwa na sheria. Leo ina karibu hekta 60. Bado kuna taka, bado kuna pembe ambazo msichana peke yake hafai kuingia jioni, siwadanganyi. Nendeni mchana, nendeni wawili.

Ile video ya Murumbi niliirekodi siku hiyo ya pili, baada ya Archives. Dakika nne, hakuna muziki, mimi nikiongea tu. Imetazamwa na watu wachache sana ukilinganisha na ya kima. Mmoja aliandika "ndefu". Mwingine, simjui, aliandika kwamba amefanya kazi Aga Khan, hapo jirani, miaka sita, na Jumamosi amepeleka watoto.

Lakini mtu niliyetaka aione ni koko. Nilirudi Bisil nikamwekea simu mbele ya uso. Alipoona kaburi akageuza kichwa, kwa sababu wazee wetu hawapendi habari za waliokufa kutajwa tajwa, na akaniuliza ni kazi gani hiyo ya kufuata makaburi ya watu. Nikamwambia mama yake alikuwa Mmasai. Akageuka tena, akatazama mpaka mwisho, hakusema kitu. Nikatoa lile jani kwenye kava la simu. Lilikuwa limeshakauka na kukunjika. Alilishika, akaligeuza upande wa chini, akalisogeza kwenye mwanga.

"Oloirien," akasema. "Umelitoa wapi?"

"Nairobi, koko. Katikati ya mji."

"Ukirudi uniletee vijiti. Vibuyu vyangu vinanuka bure."

Nikamwambia haiwezekani, pale hukati, ni bustani. Akauliza ni ya nani. Koko ameishi kwenye ranchi ya pamoja ilipokuwa ya pamoja kweli, na ameiona ikigawanywa, hati moja moja, uzio mmoja mmoja, mpaka njia aliyokuwa akipitisha ndama sasa ina lango na mbwa. Nikamwambia, si ya mtu, koko. Ni ya kila mtu.

Akanirudishia jani.

"Ya kila mtu," akasema. "Na bado iko, entito ai?"