Flashi ya dogo wa Pasua na kanda ya Queen

Dogo mmoja wa Pasua, jina kapuni, wiki hii kachekwa mitandaoni mpaka basi. Aliitwa kuimba harusini, flashi ikakwama katikati ya wimbo, mdomo ukaendelea kucheza peke yake.

Sasa wadau, hata Queen walibanwa na shida inayofanana na hiyo. Ndio, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar 1946. Bohemian Rhapsody ilitoka 1975, na pale katikati kuna sauti zilizorundikwa studio, tabaka juu ya tabaka, kama kwaya nzima, kumbe waimbaji ni watatu tu. Jukwaani zisingewezekana. Wakafanyaje? Kipande hicho waliweka kanda, ila wenyewe walikuwa wanaondoka jukwaani kabisa! Zinabaki taa tu. Magitaa ya roki yakianza kunguruma, hao wanarudi, wanapiga wenyewe, mashabiki wanapagawa. Live Aid 1985 hawakuhangaika hata na kanda: walipiga mwanzo tu, wakaruka moja kwa moja Radio Ga Ga.

Yaani kanda ilikuwepo, lakini hakuna aliyejifanya anaimba. Hapo ndipo dogo alipochemka. (Wapo mastaa wanaofanya hivyohivyo, ukweli usemwe, ila flashi zao hazikwami.)

Habari za mtaani ni kwamba kaanza mazoezi na mpiga kinanda wa kwaya. Kiitikio kitatoka kwenye flashi, beti ataimba mwenyewe. Jamaa wa kinanda anataka nusu ya malipo.