Bi harusi, tairi za gari yako

Sisi tuliotoka Unguja tukaolewa Shinyanga na Geita, huku kwenye nchi ya dhahabu, wengi tunaendesha kigari kidogo, Vitz au mfano wake. Njia za machimboni ni vumbi, mawe na makorongo, na fundi tairi hachelewi kukwambia: "Dada, weka kubwa, gari inyanyuke."

Inanyanyuka kweli, ila kidogo. Ukitoa 165/70R14 ukaweka 185/70R14, kimo cha tairi kinaongezeka milimita 28. Chini ya gari unapata nusu yake tu, 14, upana wa kidole. Kwa kidole hicho injini ndogo inazungusha tairi kubwa na nzito zaidi, gari inakuwa mvivu kuondoka na kupanda mlima, hasa ukiwa umepakia watoto na gunia la mchele (na huku mchele haukosi). Ukikata kona mpaka mwisho, tairi inaweza kusugua madigadi. Kinachotutia hofu zaidi ni mshale wa spidi: unaonyesha 80, kumbe uko karibu 84, na wanao wako nyuma.

Saizi ya haki imeandikwa kwenye kibandiko ubavuni mwa mlango wa dereva, pamoja na kiasi cha upepo. Kipige picha kabla ya kwenda dukani. Kama mawe yanakusumbua, tafuta saizi ileile yenye meno makubwa.

Sisi Idi hii tumeshawaomba mabwana zetu tairi nne nne. Kanga zitasubiri.