Kosa la Faranga 18,000: Jinsi Nilivyojifunza Kuandaa Kompyuta kwa Ajili ya Python



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, nikiwaeleza vijana kwamba asiyeweka kumbukumbu za mali yake hana wa kumlaumu itakapotoweka. Leo nataka kuwasimulia jinsi nilivyojifunza kwamba daftari lenyewe laweza kumpoteza mtu, endapo mshika kalamu hakuwa makini. Katika kisa hiki, mshika kalamu ni mimi.

Hapa Cyanzarwe, tarafa ya Wilaya ya Rubavu, ninashiriki katika kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho kwa Kinyarwanda huitwa ikimina. Tuko wanachama 24. Wengi ni wakulima wa viazi na mboga, na baadhi yao hushuka Gisenyi kuuza mazao au huvuka mpaka kwenda Goma. Kila mwanachama huchanga faranga 500 kwa juma. Fedha hutunzwa na mama mmoja mjane tunayemwamini wote, nami, kwa kuwa ni mwalimu, nilipewa ukatibu.

Siku moja, baada ya kikao kilichokuwa na mikopo mingi kwa sababu ya ada za shule, tulihesabu fedha za sandukuni na kuzilinganisha na daftari. Daftari lilisema lazima ziwepo faranga 18,000 zaidi ya zile tulizoziona. Tukahesabu tena, mara ya pili na ya tatu, pengo halikubadilika. Hakuna aliyemtaja mama mtunza hazina kwa jina, lakini macho yote yalimwelekea. Alifunga sanduku, akalisukuma katikati ya mkeka, akasema, “Mwalimu, wewe ndiwe mwenye kusoma. Nitafutie fedha hizo, ama nitafutie jina langu.”

Usiku ule sikulala. Nilikuwa na kompyuta ya mkononi, kuukuu lakini nzima, niliyokuwa nikiitumia kuandikia maswali ya mitihani. Nilikuwa nimesikia habari za Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikajiambia kwamba mashine haina jamaa wala hasimu. Itahesabu bila upendeleo. Hapo ndipo safari yangu ilipoanza.

Kwanza nieleze jina. Nilipomwambia mama mtunza hazina kwamba ninajifunza Python, kijana aliyekuwa karibu alimtafsiria: chatu. Mama alishtuka, akauliza nyoka anahusika vipi na hesabu. Ukweli ni kwamba mwanzilishi wa lugha hiyo, Mholanzi Guido van Rossum, aliyeitoa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1991, hakuichukua kwa nyoka. Aliiita hivyo kwa kupenda kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza, Monty Python. Mama alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Nilishuka Gisenyi, mahali penye intaneti nzuri, nikapakua faili ya kusakinishia kutoka tovuti ya python.org. Programu hii haiuzwi. Kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kumgawia jirani. Nilibofya, nikakubali kila nilichoulizwa bila kusoma, nikarudi nyumbani nikijiona nimemaliza. Jioni nilifungua dirisha la amri, lile jeusi, nikaandika neno python. Badala ya kunijibu, kompyuta ilinifungulia duka la programu, kana kwamba sikuwa nimesakinisha kitu chochote.

Nilihangaika siku mbili. Siku ya tatu nilimwita mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliyekuwa likizoni, ambaye sasa anasomea mambo ya kompyuta. Alinisalimu kwa heshima, akaketi, akaniuliza swali moja tu: “Mwalimu, uliweka alama kwenye kisanduku cha PATH?”

Sikuwa nimekiona. Katika dirisha la kwanza kabisa la usakinishaji, upande wa chini, kuna kisanduku kidogo chenye neno PATH. Hilo ni orodha ya njia ambazo Windows huzipita inapotafuta programu uliyoiita kwa amri. Python ilikuwamo ndani ya kompyuta yangu, lakini njia ya kuifikia haikuwa imeandikwa katika orodha hiyo. Ni kama mgeni aliyehamia kijijini bila kujiandikisha: yupo, ila ukimuulizia ofisini hupati habari zake. Tulisakinisha upya, tukaweka alama, kisha nikaandika:

python --version

Ikatokea namba ya toleo. Nilifurahi kama mtoto aliyesoma jina lake kwa mara ya kwanza.

Kisha likaja suala la kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo. Mimi nilikuwa tayari nimepakua Visual Studio Code, kwa kuwa nilisikia ndicho kinachotumiwa na wataalamu. Kijana hakukikataa, ila alinionyesha kwamba peke yake hakitoshi: sharti uongeze kiendelezi cha Python, kisha ukieleze kihariri ni Python ipi ya kutumia. Kwa anayeanza, alipendekeza Thonny, kihariri kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu, nchini Estonia, kwa ajili ya wanafunzi. Thonny huja na Python ndani yake, hivyo ukisakinisha kimoja umepata vyote viwili. Nacho hukuonyesha hatua kwa hatua thamani ya kila kigeu. Kama mtandao wako ni wa shida, mwombe mwenzako akuletee faili yake ya kusakinishia kwenye flashi, mradi aliipakua katika tovuti yenyewe ya watengenezaji.

Nilikuwa pia nimeazima kitabu cha zamani cha Python. Nilinakili mfano wake wa kwanza, nikakaripiwa na kompyuta. Kijana alitazama akatabasamu: kitabu kiliandikwa kwa ajili ya Python 2, ambayo watunzaji wake waliacha kuihudumia mwanzoni mwa mwaka 2020. Katika Python 3, iliyotoka mwaka 2008, amri ya print hudai mabano. Tangu hapo, kabla ya kufuata somo lolote, huangalia kwanza limeandikwa kwa toleo gani.

Msimbo wangu wa kwanza uliokubali kufanya kazi ulikuwa huu:

mchango = 500
wanachama = 24
print(mchango * wanachama)

Kompyuta ikajibu 12000. Tazameni vizuri, wanafunzi wangu. Neno print ni la Kiingereza na halibadiliki, lakini majina ya vigeu ni hiari ya mwandishi. Hakuna sheria inayotulazimisha kuyaandika kwa lugha ya kigeni. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Basi maneno kama mchango, mkopo na salio yana haki ya kukaa ndani ya kompyuta zetu. Mwenzetu wa Goma au wa Kigoma akiusoma msimbo huo, atajua mara moja unahusu nini.

Jambo jingine lililonivutia ni nidhamu ya nafasi. Katika Python, mistari iliyo chini ya sharti husogezwa ndani, kwa kawaida nafasi nne, na ukisogeza mmoja visivyo, programu hugoma. Mimi ninayewakata wanafunzi alama kwa kusahau aya, nilikatwa alama na mashine mara nyingi usiku ule.

Mwishowe kijana aliniandalia kile alichokiita mazingira pepe. Ndani ya folda ya kazi yetu tuliandika:

python -m venv mazingira

Halafu, ili kuyawasha katika Windows:

mazingira\Scripts\activate

Alinieleza kwa mfano wa nyumbani: kila familia ina jiko lake, ili chumvi ya jirani isiingie katika chungu chako. Maktaba za msimbo unazoongeza kwa kazi moja hubaki katika kazi hiyo, wala haziharibu nyingine. Kwa hesabu zetu halikuwa jambo la lazima, maana tulitumia vifaa vinavyokuja na Python yenyewe. Lakini alisema tabia njema hujengwa kabla ya haja kutokea.

Nilipoanza kunakili daftari katika faili, kijana aliniwekea mkono kwenye meza. “Mwalimu, samahani. Je, ni haki mimi kuona madeni ya majirani wa mama yangu?” Niliona haya. Rwanda ina sheria ya mwaka 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha, na mimi, ninayejinadi kufundisha uraia, nilikuwa nikiyaanika majina ya watu bila kuwauliza. Nilifuta kila jina, nikaweka namba kuanzia 1 hadi 24. Ufunguo wa namba hizo nilibaki nao mwenyewe, katika karatasi.

Programu ilisoma maingizo yote, ikajumlisha, ikatoa jibu kwa kufumba na kufumbua: pengo ni faranga 18,000. Moyo ulinianguka. Nilitazamia mashine inisahihishe, kumbe ilikuwa imejumlisha makosa yetu kwa usahihi mkubwa. Tukiingiza kisicho kweli, haiwezi kutupa ukweli.

Kijana hakukata tamaa. Aliandika 18,000 kwenye karatasi, akagawanya kwa 9, akapata 2,000 bila baki. “Mwalimu,” akasema, “pengo linalogawanyika kwa 9 mara nyingi huwa ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi.” Hesabu yake ni nyepesi: ukiandika 13 badala ya 31, tofauti ni 18, ukiandika 24 badala ya 42, vilevile ni 18. Tofauti ya namba za namna hiyo daima hugawanyika kwa 9. Si ushahidi kamili, ila ni pa kuanzia.

Tuliongeza mistari michache: kwa kila ingizo, badilisha tarakimu mbili za mwanzo, kisha uangalie kama pengo litazibika. Yalitokea maingizo matatu tu kati ya mamia: rejesho la 20,000 ambalo huenda lilikuwa 2,000, mkopo wa 24,000 ambao huenda ulikuwa 42,000, na mkopo wa 13,000 ambao huenda ulikuwa 31,000. Yote matatu yalikuwa kwa mwandiko wangu.

Kwenye kikao kilichofuata nilisimama kabla ya mama mtunza hazina hajafungua sanduku. Nilisema kwamba nimekagua daftari, kwamba kosa huenda ni la kalamu yangu, na kwamba namwomba radhi yeye kwanza, kisha wengine. Sikutaja mtu. Nilieleza tu kwamba kuna maingizo matatu, nami nitazungumza faraghani na wenye nayo.

Sikupata nafasi hiyo. Kijana mmoja anayebeba abiria kwa pikipiki aliinuka, akavua kofia. Alisema, “Mimi nilipokea elfu thelathini na moja. Nilikwenda kununua mabati. Kama daftari limeandika vingine, daftari limekosea.”

Jueni kwamba angeweza kunyamaza. Kwa maandishi yangu alikuwa anadaiwa 13,000, na hapakuwa na karatasi nyingine ya kumpinga. Mama mtunza hazina hakusema neno. Alivuta sanduku lake kutoka katikati ya mkeka, akaliweka tena mbele ya magoti yake, akalifungua.

Kompyuta ile bado ninaitumia. Kila juma naingiza michango, naye mama huishika nakala ya karatasi. Lakini badiliko lililotufaa zaidi halikuhitaji umeme: siku hizi, kabla mkopaji hajaondoka, kiasi alichopokea husomwa kwa sauti, naye huweka saini kando yake, au alama ya kidole kama hajui kuandika.

Kwa kazi ya nyumbani, sakinisha Python na kihariri kimoja, ukikumbuka kile kisanduku cha PATH. Tunga vigeu vitatu vya Kiswahili vinavyohusu bajeti ya nyumbani kwako, uandike mistari ya kukokotoa salio. Kisha andika aya moja ya insha ukijibu swali hili: katika kikundi unachokijua wewe, nani hulikagua daftari la katibu?