Mtoto aliyefunika chakula chake

Juma hili tunaanza na aibu yetu wenyewe.

Siku moja, saa ya rekreasio, mtoto wa darasa la nne alifungua bakuli lake: bukari na vinkubala. Wenzake wakapiga kelele: "Anakula wadudu! Mtu wa kijiji!" Akafunika bakuli kwa mikono miwili. Sisi walimu tuliosimama mlangoni tulicheka pia. Tulicheka, na sisi wenyewe tulikulia Kenya na Katuba kwa vinkubala hivyo hivyo, sahani moja watoto sita.

Siku mbili mtoto alikuja bila chakula. Siku ya tatu mama yake akafika. Hakugomba. Alisema tu: "Walimu, mimi ninauza vinkubala sokoni. Madaftari yake na viatu vyake vinatoka mule." Hatukuwa na jibu.

Basi tukamkalisha, tukamwuliza maswali kama wanafunzi. Akatueleza kwamba vinkubala vinakula majani ya mutondo na miti mingine ya pori. Wakati wa mvua, vikinenepa, watu wanaviokota, wanakamua matumbo, wanachemsha, kisha wanaanika juani mpaka vikauke. Zamani alivipata kwa watu wa karibu na barabara ya Kasenga. Leo anangoja vitoke mbali, na bei ya kopo inapanda, kwa sababu miti inakatwa ili kuchoma makala. Makala ya nani? Yetu! Umeme ukikatika, nani kati yetu hakimbilii mbabula?

Na mtu asituambie kwamba hiki ni chakula cha wasio na kitu. François Malaisse, mtaalamu aliyefundisha kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya pori letu: vinkubala, uyoga, matunda, mizizi. Vinkubala vilivyokauka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Sisi tunamnunulia mtoto biskuti. Mbali kule Ufilipino, watu wa Pampanga wanakaanga nyenje wa shambani wanaoitwa kamaru, na mgeni akifika wanamwekea mezani kwa fahari, kama vile sisi tungemwekea kuku.

Jumamosi iliyopita tulinunua makopo mawili kwa yule mama, tukapika shuleni na watoto. Kwanza kuchambua, maana majani na vijiwe havikosi. Kisha kuosha kwa maji ya moto, mara tatu, mara nne, mpaka mchanga uishe. Hapo ndipo wengi wetu tunafanya haraka, halafu tunalaumu chakula. Kuchemsha kidogo, kumwaga maji, kukaanga kwa mafuta na kitunguu.

Watoto wawili walikataa hata kuonja, hatukuwalazimisha. Wengine walianza na kimoja, wakarudi na sahani.

Yule mtoto wetu alikuwa amesimama karibu na mbabula, kimya, anatazama chungu. Tulipochukua nyanya akashika mkono wa mwalimu.

"Bado, mwalimu. Viache kwanza vilie. Ukitia nyanya sasa vitalegea."

Tukangoja mpaka akasema sasa.