Kiwanuka Wawili na Mkono Ulioachia

Si kawaida ya ukurasa huu kuzungumzia michezo, sembuse mchezo ambao hapa Iyunga hauna hata uwanja mmoja. Jioni vijana wetu hubishana juu ya Simba na Yanga, na wenye subira huifuata Mbeya City katika uwanja wa Sokoine. Mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, wanauona kwenye filamu tu. Hata hivyo leo nataka kuandika juu ya mlinzi mmoja wa mchezo huo, Mathias Kiwanuka. Jina lake la ukoo limo katika historia ya Afrika Mashariki, na tukio moja la maisha yake uwanjani linagusa kazi ya kila mtumishi wa umma anayesoma hapa.

Mathias alizaliwa mwaka 1983 katika jiji la Indianapolis, kwa wazazi waliotoka Uganda. Alicheza akiwa mwanafunzi wa Boston College, na mwaka 2006 timu ya New York Giants ikamchagua katika raundi ya kwanza, akiwa wa 32 kwa mpangilio. Aliitumikia timu hiyo moja hadi ilipomwachia mwaka 2015. Kazi yake ya msingi ilikuwa kuvunja ukuta wa wapinzani na kumwangusha mtupaji wao mkuu kabla hajautoa mpira mkononi. Alihamishwa kutoka safu ya kwanza ya ulinzi kwenda ya pili, kisha akarudishwa, kadiri timu ilivyohitaji. Mwaka 2007 alivunjika mguu, akaikosa fainali ya Februari 2008 ambayo wenzake waliwashinda New England Patriots. Mwaka 2010 shingo ilimweka nje. Februari 2012 akacheza fainali hatimaye, Giants wakawashinda Patriots kwa pointi 21 kwa 17, na uwanja ulikuwa huko huko Indianapolis alikozaliwa.

Lakini tukio ninalolikusudia ni la Novemba 2006, katika msimu wake wa kwanza. Giants walikuwa wakicheza na Tennessee Titans, na walikuwa wameongoza kwa pointi 21 bila majibu. Titans wakaanza kurudi mchezoni. Dakika za mwisho, wakiwa katika jaribio lao la nne, ambalo likishindikana mpira huenda kwa wapinzani, Kiwanuka alimfikia mtupaji wao, Vince Young, akamshika kwa mikono yote miwili. Kisha akamwachia. Alidhani Young ameshautupa mpira, na kanuni za ligi ile zinamwadhibu mlinzi anayemwangusha mtupaji asiye na mpira tena. Young alikuwa nao bado. Alikimbia, timu yake ikasawazisha, na mwishowe ikashinda kwa pointi 24 kwa 21. Lawama zikamwangukia kijana yule.

Kwa hesabu za uwanjani, lilikuwa kosa. Kwa jicho la mtu anayefundisha utawala, ni jambo la nadra: mtu mwenye kilo zipatazo 120, aliyekwisha kumtia mpinzani mikononi, mbele ya maelfu wanaopiga kelele, anakumbuka kwamba nguvu zake zina mpaka. Sisi tumelelewa na msemo wa "mwenye nguvu mpishe". Unamfundisha mnyonge jinsi ya kuishi na mkubwa, lakini haumwambii mkubwa lolote. Anayesema naye ni kanuni peke yake, tena pale tu anapoamini kwamba mwamuzi yupo na kwamba kipenga kitalia.

Hapa ndipo anapoingia babu yake. Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa chama cha Democratic Party, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, kabla ya kushindwa katika uchaguzi wa Aprili mwaka huo na muungano uliomweka Milton Obote madarakani. Serikali ya Obote ikamweka kizuizini mwaka 1969. Idi Amin alipotwaa nchi Januari 1971 alimfungulia, na mwaka huo huo akamteua kuwa Jaji Mkuu, raia wa Uganda wa kwanza kushika cheo hicho. Septemba 1972 ililetwa mbele yake kesi ya Mwingereza mmoja aliyekuwa akishikiliwa na wanajeshi. Jaji Mkuu aliamuru aachiwe, akatamka kwamba jeshi halina mamlaka ya kumkamata raia. Kwa maneno mengine, alipuliza kipenga. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha walimchukua kutoka Mahakama Kuu mjini Kampala, mchana kweupe. Aliuawa, na mwili wake haukukabidhiwa kwa familia yake hadi leo.

Mikono iliyomtoa mahakamani haikuwa na wasiwasi wa adhabu yoyote. Aliyepaswa kuitamka adhabu hiyo ndiye aliyekuwa akiburutwa. Nasi Watanzania tusiione habari hii kuwa ya jirani tu. Utawala ule uliomwondoa mwamuzi wake ndio ulioivamia Kagera mwaka 1978, na vijana wa nchi hii, wa nyanda hizi wakiwamo, wakaenda vitani hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Wako ambao hawakurudi.

Nilipolieleza tukio la Novemba 2006 darasani, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinyoosha mkono: "Lakini mwalimu, si walishindwa?" Swali lake ni zuri kuliko hotuba nyingi za utawala bora. Ndiyo, walishindwa. Kujizuia kuna gharama, na anayekuambia kwamba kufuata sheria hakupotezi kitu hajawahi kushika madaraka. Polisi anayemwachia mtuhumiwa kwa kukosa ushahidi huenda amemwachia mwizi. Kwa hiyo la muhimu ni kuuliza timu ilimfanya nini mchezaji yule. Giants hawakumtupa. Alibaki kikosini, akafundishwa, akaendelea kwa misimu mingine minane.

Nina mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa ofisa katika halmashauri ambayo sitaitaja. Aliletewa orodha ya vibanda vya kuvunjwa usiku ule ule, wenyewe wakiwa hawajapewa notisi. Alikataa kusaini kabla siku za kisheria hazijatimia. Wiki chache baadaye alihamishiwa mbali, na katika faili lake likaandikwa neno "uzembe". Aliyesaini badala yake alisifiwa kikaoni kwa uchapakazi. Kila mtumishi katika ofisi ile alilielewa somo, na sidhani kama mwingine atauachia mkono wake.

Ndiyo maana siamini kwamba nchi huharibiwa na mtu mmoja katili anayetokea ghafla. Hutangulia miaka mingi ambamo anayejizuia huitwa mzembe na anayevunja huitwa jasiri, mpaka siku ambayo wanaume wenye bunduki wanaingia mahakamani na hakuna hata mmoja kati yao anayesita. Ninyi mnaojaza fomu za tathmini za watumishi walio chini yenu, mwezi huu mtafuteni mmoja aliyesema "sheria hainiruhusu". Kisha angalieni mlimpa alama gani.