Beki Aliyepiga Nyasi

Usiku wa tarehe 26 Mei 1999, katika uwanja wa Camp Nou mjini Barcelona, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, mwamuzi Pierluigi Collina alijikuta na kazi ya kuwainua watu wazima kutoka chini ili mechi imalizike. Bayern Munich walikuwa wameongoza tangu dakika ya 6, kwa mpira wa adhabu wa Mario Basler. Dakika 90 zikatimia wakiwa bado mbele. Kisha, katika zile dakika za lala salama, kona ya David Beckham ikazaa goli la Teddy Sheringham, kona nyingine ikazaa la Ole Gunnar Solskjær, na kombe likaenda Manchester. Aliyekuwa karibu na Solskjær mguu ule uliponyooka ni Samuel Osei Kuffour, beki wa miaka 22, mzaliwa wa Kumasi. Kamera zilimkuta akiitwanga nyasi kwa ngumi huku analia, bila kujali anatazamwa na nani.

Mashabiki wa Manchester United wamejaa huku kwetu, na wanaukumbuka usiku ule kwa furaha ambayo siwanyimi. Lakini kuna jambo huwa halisimuliwi kwenye vijiwe. Andy Cole na Dwight Yorke walikuwa wamefunga magoli zaidi ya 50 kati yao msimu ule, na kwa dakika 90 za fainali hawakupata hata moja. Kuna watu waliowazuia, na Kuffour alikuwa mmoja wao. Kazi ile yote imefutika. Ndivyo ulivyo ubeki: mpira ulioondolewa salama hauandikwi popote, na anayesoma matokeo kesho yake haoni dalili kwamba ilikuwapo hatari.

Alikuwa amekwisha kupoteza mengine kabla ya hapo, ya aina isiyoliliwa hadharani. Aliondoka Ghana akiwa bado mtoto kwenda Italia, kwenye timu ya vijana ya Torino. Mwaka 1992 alirudi kuvaa jezi ya taifa katika Michezo ya Olimpiki, tena Barcelona, mji uleule. Ghana ikapata medali ya shaba naye akiwa na miaka 15 tu. Mwaka uliofuata akaenda Munich. Akapelekwa kwa mkopo Nürnberg, akarudi, akapigania namba katika klabu isiyomvumilia mtu.

Watu wa mpira wakiongea juu ya vijana wa Afrika wanaokwenda Ulaya, hutaja bei, mshahara na nyumba aliyowajengea wazazi. Hayo ni kweli na yana uzito wake; sina haja ya kuyabeza. Ila kijana anayeondoka na miaka kumi na mitano anaacha pia vifo ambavyo hatazika, ndoa ambazo ataziona kwenye picha, wenzake wa mtaani watakaozeeka bila yeye kujua walianza lini. Hakuna kifungu cha mkataba kinachotaja hayo. Huko anakofika anajifunza kulia kwa Kijerumani, kama analia kabisa. Labda ndiyo sababu picha ya Camp Nou ilinishika namna ile. Wajerumani kadhaa walikuwa wameketi tu, macho yameganda. Huyu alikuwa anaomboleza jinsi mtu anavyoomboleza kwao, kwa mwili mzima, mbele za watu. Watu wa Kumasi huvaa nguo nyeusi na nyekundu msibani na hawafichi majonzi yao. Pengine nazidisha, na alikuwa kijana aliyeshindwa mechi tu. Sidhani.

Mpira, hata hivyo, una huruma moja ambayo maisha hayana: una marudiano. Miaka miwili baadaye Bayern walikutana na Manchester United katika robo fainali, wakashinda 1-0 Old Trafford kwa goli la Paulo Sérgio, wakashinda tena 2-1 Munich. Tarehe 23 Mei 2001, San Siro mjini Milano, wakaifunga Valencia kwa penalti na kulichukua kombe lililowaponyoka. Novemba mwaka huo wakaenda Tokyo kucheza na Boca Juniors kwa ajili ya Kombe la Mabara. Dakika 90 zikaisha bila goli. Katika muda wa nyongeza beki mmoja akafunga goli la pekee la mechi: Kuffour. Ukiwauliza mashabiki leo, wa nyasi za Camp Nou ni wengi. Wa goli la Tokyo ni wa kutafuta kwa tochi. Linaniudhi hilo, na sijui nimlaumu nani.

Lakini deni lilikuwa limelipwa. Mchezaji anayepitia mambo hayo hujifunza, bila kufundishwa na yeyote, kwamba kilichopotea kinaweza kufuatwa. Unafanya mazoezi, unavumilia, msimu unageuka, unarudi palepale ulipoangukia. Kocha mzuri hujenga timu juu ya imani hiyo. Kijana aliyeanza safari akiwa bado mtoto hajui namna nyingine ya kuutazama ulimwengu.

Mwaka 2003 binti yake mdogo, ambaye hata miaka miwili hajatimiza, alizama katika bwawa la kuogelea akafa.

Hapo sina la kusimulia kwa niaba yake, na naona vibaya hata kulisogelea. Ninachoweza kukisema ni cha nje tu. Ukifungua kumbukumbu za Bayern za mwaka huo utaona ubingwa wa Ujerumani na Kombe la Ujerumani, vyote viwili, na jina lake limo. Mtu asiyejua atasema ulikuwa mwaka mzuri. Rekodi za mpira zinaandikwa na watu waangalifu sana, zinajua nani alitolewa dakika ya ngapi, na hazina nafasi ya jambo kama hilo. Kwetu mkeka ungetandikwa, watu wangelala chini siku kadhaa, mfiwa asiachwe peke yake hata kwenda kisimani. Mchezaji wa kulipwa ana ratiba. Jumamosi inafika na mshambuliaji wa upande wa pili naye anataka kufunga.

Mwaka 2005 aliondoka Munich kwenda Roma, akiwa na mataji sita ya ligi. Baadaye zikaja Livorno na Ajax kwa mkopo, vipindi vifupi ambavyo si lazima kuvirefusha. Kabla ya hizo likaja Kombe la Dunia la 2006, la kwanza kwa Ghana, na lilichezwa Ujerumani, nchi iliyomkuza. Tarehe 12 Juni, mjini Hannover, Italia ilikuwa mbele kwa goli la Andrea Pirlo. Dakika ya 83 Kuffour akarudisha pasi fupi kwa kipa wake. Vincenzo Iaquinta akaiwahi, akamzunguka kipa, akafunga. Ghana 0, Italia 2. Hakucheza tena katika mashindano yale.

Na Ghana ikachangamka bila yeye. Iliifunga Jamhuri ya Czech 2-0, ikaifunga Marekani 2-1, ikavuka kundi, Afrika nzima ikaishangilia. Hii ndiyo hasara ninayoifikiria kuliko ile ya Camp Nou. Kule walipoteza wote pamoja. Hapa timu yake ilipata ilichokuwa ikikililia miaka yote, naye yuko nje ya mstari, na adabu inamtaka apige makofi. Nina hakika alifurahi. Mtu anaweza kufurahi kweli na wakati huohuo jambo lake likawa limekwisha. Miaka 29 kwa beki wa kasi si mingi, lakini marudiano ya safari hii hayakuwapo kwenye ratiba yoyote. Brazil ikaitoa Ghana 3-0 mjini Dortmund, Ronaldo akafungua kwa kuupenya ukuta dakika ya 5. Wapo wanaosema Kuffour angekuwapo yasingetokea. Siamini, Ronaldo aliwapenya mabeki wa kila namna.

Alimalizia mpira wake Asante Kotoko, klabu ya Kumasi. Siku hizi wengi wanamjua kwa suti, mchambuzi wa televisheni anayecheka kwa sauti kubwa na kuongea haraka. Vijana wanaomtazama hawakuwa wamezaliwa Collina alipomwinua, na wanapoonyeshwa picha ile kwenye simu huuliza, yule anayelia ni nani.