Dawa Iliyotoka Udongoni

Kwa miaka mingi sisi wauguzi wa kliniki ya watoto tumedondosha matone ya nistatini katika vinywa vya watoto wachanga bila kujiuliza yametoka wapi. Mama huja na mtoto anayelia kila akipewa titi. Tunamfungua mdomo, tunauona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, tunampa mama chupa ya dawa, tunaita mwingine.

Siku moja tulikosea. Mama mmoja kijana alileta mtoto wa wiki tano ambaye ulimi wake ulikuwa umesuguliwa kwa kitambaa na chumvi hadi ukatoka damu. Tulimgombeza mbele ya wenzake kwamba ni mchafu. Aliinamisha kichwa, akachukua dawa, akaondoka. Tarehe ya kurudi ilipofika hakuonekana.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwake pamoja na kina mama wenzetu wa kanisa. Mtoto alikuwa amekonda, na chupa ilikuwa haijafunguliwa. "Mlisema mimi ni mchafu," alituambia kwa sauti ndogo. "Niliona haya kurudi kuuliza dawa inatumiwaje."

Tulimwomba radhi. Tulimwonyesha namna ya kudondosha dawa mtoto akishanyonya, na tukamwangalia mama mwenyewe, maana chuchu zake nazo zilikuwa na vidonda. Mtoto alipona. Lakini maneno yale hayakututoka moyoni, na ndiyo yaliyotufanya tuanze kusoma habari za ugonjwa huu na dawa yake. Hapo tukakutana na Elizabeth Lee Hazen.

Hazen alizaliwa mwaka 1885 katika jimbo la Mississippi, Marekani. Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa mtoto mdogo sana, akalelewa na ndugu wa ukoo. Alisoma, akafundisha sayansi katika shule ya sekondari, kisha akarudi masomoni. Shahada yake ya udaktari wa sayansi aliipata mwaka 1927, umri wake ukiwa umepita miaka 40. Mwaka 1944, akikaribia miaka 60, ndipo alipokabidhiwa kazi ya kuchunguza fangasi waletao magonjwa katika maabara ya Idara ya Afya ya Jimbo la New York. Hakusema amezeeka. Alikwenda kujifunza upya.

Wakati ule penisilini na dawa nyingine za kuua bakteria zilikuwa zimeanza kuokoa maisha ya watu wengi. Lakini bakteria wakifa, fangasi ambao kwa kawaida wamo mwilini mwetu hupata nafasi ya kustawi. Dawa salama ya kuwazuia ilikuwa haijapatikana. Hazen alianza kuitafuta mahali ambapo wengi wetu tunapita tu: udongoni.

Alikusanya udongo kutoka sehemu mbalimbali, akaotesha vijidudu vilivyomo, akavijaribu kimoja kimoja dhidi ya fangasi. Kilichoonyesha nguvu alikitia katika chupa ya kioo, akakipeleka kwa posta mjini Albany, zaidi ya kilomita 200 kutoka New York. Huko mwanakemia Rachel Brown, mama aliyefundisha pia shule ya Jumapili kanisani kwake, aliichuja ile dawa iliyomo, akairudisha kwa posta ijaribiwe tena. Mara nyingi dawa iliyoua fangasi iliua na wanyama wa maabara, nao wakaanza upya.

Mwaka 1948, udongo uliochukuliwa katika shamba la marafiki wa Hazen huko Virginia ulitoa walichokitafuta. Walitangaza habari hiyo mwaka 1950, na dawa ikapewa jina la jimbo la New York. Nayo hufanya kazi kwa kutoboa ngozi nyembamba ya chembe ya fangasi hadi vilivyomo ndani vikavuja. Ikimezwa, hupita tumboni karibu yote bila kuingia katika damu, ndiyo maana hata mtoto mchanga huweza kupewa.

Haki za uvumbuzi huo zilileta zaidi ya dola milioni 13. Hazen na Brown hawakujichukulia chochote. Fedha zote zilikwenda kwenye utafiti na masomo ya wanasayansi wengine. Hazen alifariki mwaka 1975, wakati dawa yake ikitumika duniani kote.

Wasomaji wapenzi, utando mweupe si ushahidi wa uchafu wa mama. Fangasi hawa hukaa katika vinywa vya watu wengi wenye afya. Humshinda mtoto kwa kuwa kinga yake bado changa, au kwa sababu ametumia dawa za kuua bakteria. Usimsugue, mpeleke kliniki, na dawa uitumie mpaka siku ya mwisho uliyoambiwa. Mtu mzima akipata utando huo naye aende apimwe, wala asinyoshewe kidole.

Nasi wauguzi tumejifunza. Wanawake wale wawili walichunguza udongo miaka kadhaa ili mtoto wasiyemjua aweze kunyonya. Sisi tulishindwa kumvumilia mama yake dakika tano. Sasa, kabla ya kufungua kile kichupa, kwanza tunamkaribisha mama akae.